Usugu wa dawa: Alama ndogo ya kemikali inayoziangusha antibayotiki

Magharibi mwa jiji la Kampala, katika tarafa ya Lubaga, zimesimama hospitali mbili zilizo miongoni mwa kongwe zaidi nchini Uganda. Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na daktari Mwingereza Albert Cook. Miaka miwili baadaye, mwaka 1899, masista wamisionari wa Kanisa Katoliki walianzisha hospitali kwenye kilima cha Lubaga chenyewe. Kwa takriban miaka 40 ya mwanzo, waliohudumu katika wodi hizo hawakuwa na antibayotiki hata moja. Kidonda kilichooza, homa ya uzazi au nimonia ya mtoto mchanga vilitegemea nguvu ya mwili wa mgonjwa na usafi wa mikono ya muuguzi.

Penisilini na streptomisini, zilizoanza kutumika katika miaka ya 1940, ziliigeuza hali hiyo. Leo hofu ya wataalamu ni kwamba mlango uliofunguliwa wakati huo unaanza kujifunga. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu. Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba barani Afrika takriban ambukizo moja kati ya kila matano yaliyothibitishwa na maabara mwaka 2023 lilikuwa sugu kwa dawa.

Nyuma ya takwimu hizo kuna kemia inayofanyika ndani ya kiumbe kisichoonekana kwa macho. Mojawapo ya mbinu zenye nguvu zaidi ambazo bakteria huzitumia ni vimeng'enya vinavyobandika alama ndogo mahali pale pale ambapo dawa ilikusudiwa kukaa.

Kiwanda ambacho dawa hukilenga

Bakteria, kama kiumbe chochote kilicho hai, hawezi kuishi bila kutengeneza protini. Kazi hiyo hufanywa na ribosomu, viwanda vidogo vinavyohesabika kwa maelfu ndani ya seli moja. Ribosomu ina sehemu mbili, ndogo na kubwa, zinazokutana na kufanya kazi pamoja mithili ya mawe mawili ya kusagia: maagizo ya jeni hupita katikati, na upande wa pili hutoka mnyororo wa protini.

Kiini cha kila sehemu ni RNA ya ribosomu, uzi mrefu wa kikemikali uliojikunja. Uzi wa sehemu ndogo una takriban herufi 1,500 za kikemikali, na uzi mkuu wa sehemu kubwa una takriban herufi 2,900. Wanasayansi wamezipa herufi hizo namba, na huweza kutaja kwa usahihi ni herufi ipi inayoguswa na dawa ipi.

Ribosomu za bakteria zinatofautiana na za binadamu kiasi cha kuwezesha dawa kuzidhuru za kwanza na kuziacha za pili. Ndiyo maana antibayotiki nyingi zinazojulikana Afrika Mashariki hulenga hapo. Gentamisini hukaa katika sehemu ndogo na kuifanya ribosomu isome maagizo visivyo, hata bakteria akatengeneza protini mbovu. Eritromisini na azithromisini huziba njia ambayo protini mpya hupitia ikitoka. Klindamisini, inayotumiwa sana kwa majipu na maambukizi ya mifupa, hukaa jirani na hapo.

Alama ya methili ni kitu gani?

Methili ni kikundi kidogo mno cha atomi: kaboni moja na hidrojeni tatu. Seli zote huwa na molekuli maalumu inayobeba methili, na vimeng'enya vya kundi la methiltransferasi huichukua methili hiyo na kuibandika penginepo. Bakteria wa kawaida hubandika alama kadhaa kwenye RNA ya ribosomu zake ili kiwanda kifanye kazi kwa ulaini. Hakuna ubaya katika hilo.

Tatizo huanza pale kimeng'enya kinapobandika methili kwenye herufi ambayo dawa huishikilia. Punje moja ya mchanga kwenye mdomo wa chupa hutosha kukifanya kifuniko kisikae sawasawa. Vivyo hivyo, alama ya atomi nne huweza kuisukuma nje dawa yenye atomi kadhaa, huku ribosomu ikiendelea kutengeneza protini.

Bakteria wengine huivunjavunja dawa au huitema nje ya seli. Wale wanaotumia methili huiacha dawa ilivyo na kukibadili kiti chake. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kumeza dawa halisi, isiyopitwa na wakati, kwa dozi sahihi na kwa siku zote alizoandikiwa, na bado asipone.

Erm: alama moja, jamii tatu za dawa

Mfano uliochunguzwa kwa muda mrefu zaidi ni wa vimeng'enya vinavyoitwa Erm. Eritromisini ilipatikana kutokana na kijidudu kilichotolewa katika udongo wa Ufilipino, na ikaingia sokoni mwaka 1952. Haikuchukua miaka mingi kabla ya kuonekana kwa bakteria wa Staphylococcus aureus, wasababishao majipu na maambukizi ya vidonda, ambao dawa hiyo haikuwadhuru. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walionyesha sababu: RNA ya ribosomu za bakteria hao ilikuwa na methili za ziada. Baadaye ilibainika kwamba alama hiyo hubandikwa kwenye herufi namba 2058 ya sehemu kubwa.

Kwa kuwa jamii tatu za dawa hukutana mahali hapo, alama moja huzipunguzia nguvu zote tatu. Bakteria aliyekutana na eritromisini pekee anaweza hivyo kuwa sugu pia kwa klindamisini, dawa ambayo hajawahi kuionja.

Kuna hila nyingine. Bakteria wengi hawakitengenezi kimeng'enya cha Erm wakati wote, kwa sababu kukitengeneza kuna gharama. Jeni lake hukaa kimya. Eritromisini inapoingia na kuikwamisha ribosomu mwanzoni mwa ujumbe wa jeni hilo, mkwamo huo hukunjua sehemu ya ujumbe iliyokuwa imefichika, na kimeng'enya kikaanza kutengenezwa. Dawa yenyewe ndiyo inayopiga kengele ya hatari.

Hali hiyo huweza kuihadaa maabara. Klindamisini ikipimwa peke yake, bakteria huonekana dhaifu na daktari hupewa jibu kwamba dawa itafaa. Mgonjwa akishaanza kuitumia, huenda wakajitokeza bakteria wanaotengeneza kimeng'enya bila kusubiri kengele, na tiba ikashindwa njiani.

Dawa ya kuondoa hadaa hiyo ni kipimo rahisi. Mtaalamu wa maabara huweka kidonge cha karatasi chenye eritromisini karibu na chenye klindamisini juu ya sahani iliyooteshwa bakteria. Iwapo duara tupu linalozunguka klindamisini limebonyea upande unaoelekea eritromisini, likachukua umbo la herufi D, basi Erm imejificha humo. Kipimo hicho hakihitaji mashine ya gharama kubwa. Kinahitaji sahani, vidonge viwili, umbali sahihi kati yake, na mtu aliyefunzwa kutazama.

Kwa Kampala jambo hili si la nadharia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu vidonda vya upasuaji katika Hospitali ya Taifa ya Mulago ulikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya bakteria wa Staphylococcus aureus waliopimwa walikuwa wa aina ya MRSA, yaani sugu kwa dawa za jamii ya penisilini. Usugu huo hutokana na njia nyingine isiyohusu ribosomu. Lakini penisilini zikishaondolewa, klindamisini huwa miongoni mwa dawa chache zinazobaki mezani, na hapo ndipo kujua kama Erm ipo au haipo kunapoweza kuamua hatima ya mguu wa mtu.

Kitisho kwa watoto wachanga

Vimeng'enya vingine huigusa sehemu ndogo ya ribosomu, na hivi ndivyo vinavyowatia wasiwasi zaidi madaktari wa watoto. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa waliripoti kimeng'enya walichokiita ArmA katika bakteria wa Klebsiella pneumoniae. Mwaka huo huo wenzao wa Japani waliripoti RmtA, ndugu yake, katika bakteria wa aina nyingine. Vyote viwili hubandika methili kwenye herufi namba 1405, mahali hasa ambapo gentamisini na dawa wenzake hushika.

Matokeo yake ni usugu wa kiwango cha juu sana. Daktari hawezi kuushinda kwa kuongeza dozi, kwani gentamisini ikizidi huweza kuharibu figo na usikivu wa masikio. Alama hiyo huziangusha kwa pamoja gentamisini, tobramaisini na amikasini. Streptomisini husalimika, kwa kuwa hukaa mahali pengine katika ribosomu. Hata plazomisini, dawa mpya ya jamii hiyo iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2018, huweza kukwepa vimeng'enya vingi vinavyoharibu dawa, lakini haiwezi kuikwepa alama hii.

Uzito wa suala hili unaonekana katika wodi za watoto. WHO inapendekeza gentamisini pamoja na ampisilini kuwa tiba ya kwanza kwa mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na maambukizi katika damu. Dawa hizo ni za bei nafuu na zinapatikana hadi vituo vidogo vya afya. Mtoto wa siku tatu mwenye homa hawezi kusubiri siku mbili au tatu hadi majibu ya maabara yatoke, na hivyo tiba huanza kwa kukisia. Iwapo Klebsiella aliyemo katika damu yake anabeba ArmA, nguzo moja ya tiba hiyo imekwisha kuanguka kabla ya sindano ya kwanza.

Kinachozidisha hatari ni kwamba jeni za vimeng'enya hivi husafiri kwenye plasmidi, vipande vya duara vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwingine, hata wa jamii tofauti. Mara nyingi plasmidi hiyo hiyo huwa imebeba pia jeni za kuvunja dawa nyingine. Katika nchi nyingi ArmA na ndugu zake wamekutwa pamoja na NDM-1, kimeng'enya kinachovunja dawa za karbapenemu ambazo huwekwa akiba kwa wagonjwa mahututi. NDM-1 yenyewe iliripotiwa katika Klebsiella nchini Kenya mwaka 2011.

Silaha iliyotoka udongoni

Vimeng'enya hivi havikuzaliwa hospitalini. Antibiotiki nyingi ni mazao ya vijidudu vya udongoni, na kijidudu kinachotengeneza sumu ya ribosomu sharti kiilinde ribosomu yake mwenyewe. Kile kinachotengeneza eritromisini kina kimeng'enya chake cha aina ya Erm. Kile kinachotengeneza gentamisini nacho hubandika methili kwenye herufi namba 1405. Ulinzi huo ulikuwepo kabla ya mwanadamu kufahamu dawa hizo. Matumizi makubwa ya antibayotiki kwa watu na kwa mifugo yameupa ulinzi huo soko, yakiwaua bakteria wasio nao na kuwaachia nafasi walio nao.

Mifugo imetajwa kwa sababu. Kimeng'enya kingine, Cfr, kilitambuliwa mwaka 2000 katika bakteria aliyetolewa kwa ndama nchini Ujerumani. Hubandika methili kwenye herufi namba 2503 na kuzidhoofisha jamii tano za dawa kwa mpigo, ikiwemo ile ya linezolidi, mojawapo ya silaha za mwisho dhidi ya MRSA.

Kifua kikuu: pale alama inapokosekana

Hadi hapa kanuni inaonekana nyepesi: alama ikiwepo, dawa hushindwa. Kifua kikuu huigeuza kanuni hiyo.

Uganda ilikuwemo katika orodha ya WHO ya mataifa 30 yenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu kwa kipindi cha 2021 hadi 2025. Ukanda huu pia una nafasi yake katika historia ya tiba ya ugonjwa huo. Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1972, yalisaidia kuthibitisha kwamba tiba ya miezi sita inaweza kuponya kifua kikuu cha mapafu, badala ya mwaka na zaidi. Streptomisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, ilikuwemo katika tiba hizo.

Bakteria wa kifua kikuu ana kimeng'enya cha kawaida kiitwacho GidB, kinachobandika methili kwenye sehemu ndogo ya ribosomu, jirani na makao ya streptomisini. Alama hiyo huisaidia dawa kushika. Jeni la GidB likiharibika, alama hutoweka na bakteria hupata usugu wa kiwango cha chini dhidi ya streptomisini, unaoweza kuwa ngazi ya kupandia usugu mkubwa zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa kimeng'enya TlyA: kikipotea, kapreomisini, dawa ya sindano iliyotumiwa kwa miaka mingi dhidi ya kifua kikuu sugu, hupungukiwa nguvu.

Kwa hiyo swali la maabara hubadilika kulingana na kijidudu. Kwa Klebsiella, mtaalamu hutafuta jeni lililoongezeka. Kwa kifua kikuu, hutafuta jeni lililoharibika. Orodha ya WHO ya mabadiliko ya jeni yanayohusishwa na usugu wa kifua kikuu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, huwasaidia wataalamu kufanya uchunguzi wa namna hiyo. Kampala ina uwezo huo karibu: maabara ya taifa ya rejea ya kifua kikuu ya Uganda ilipandishwa hadhi na WHO mwaka 2013 kuwa maabara ya rejea ya kimataifa, na huhudumia pia nchi nyingine za Afrika.

Bakteria huyo ana kimeng'enya kingine chenye funzo la moja kwa moja kwa raia. Anayo Erm yake ya asili, na hiyo ni sababu mojawapo ya azithromisini na dawa wenzake kutoponya kifua kikuu. Mtu mwenye kikohozi cha wiki tatu anayenunua azithromisini katika duka la dawa mtaani, iwe Nakulabye, Ndeeba au Natete, huenda akapata nafuu kidogo iwapo ana ambukizo lingine. Kama ni kifua kikuu, fedha na muda vimepotea, na waliomo nyumbani wameendelea kuambukizwa.

Dawa inayookoa na kuzalisha usugu

Si kila matumizi ya azithromisini yanayolaumika, na hapo ndipo watunga sera wanapokuna kichwa. Utafiti mkubwa uliofanywa Niger, Malawi na Tanzania, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kuwapa watoto wadogo dozi ya azithromisini mara mbili kwa mwaka kulipunguza vifo vyao kwa asilimia 13.5. Ufuatiliaji nchini Niger ulionyesha pia kwamba jeni za usugu dhidi ya jamii hiyo ya dawa ziliongezeka katika matumbo ya watoto waliopewa.

WHO ilijibu mwaka 2020 kwa tahadhari. Haikupendekeza ugawaji huo kwa watoto wote, bali iliuruhusu kwa masharti kwa watoto wa mwezi mmoja hadi 11 katika maeneo yenye vifo vingi mno, usugu ukifuatiliwa sambamba. Uhai wa leo umewekwa kwenye mizani na uhai wa kesho, na pande zote mbili za mizani kuna watoto.

Nini kinaweza kufanyika?

Uganda ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kukabiliana na usugu wa dawa kwa kipindi cha 2018 hadi 2023, ukijumuisha afya ya binadamu, mifugo na mazingira. Sheria nayo inataka antibayotiki zitolewe kwa cheti cha daktari, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa iliyoundwa mwaka 1993. Pengo lipo kati ya kilichoandikwa na kinachotendeka dukani, ambako mgonjwa mwenye fedha kidogo huona ni nafuu kununua vidonge vinne kuliko kulipia kipimo.

Dawa mpya zinatafutwa. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Harvard wameunda iboxamisini na kresomisini, zilizosanifiwa kushika ribosomu hata ikiwa imekwisha kubandikwa alama za Erm au Cfr. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2021 na 2024 yametokana na maabara na wanyama, na safari ya kufika wodini ni ndefu.

Wakati huo, mambo yaliyo ndani ya uwezo wa hospitali za Kampala ni ya kawaida kuliko kemia inayoyadai. Damu ichukuliwe kwa ajili ya kuoteshwa kabla ya dozi ya kwanza, ili tiba ya kukisia irekebishwe majibu yakitoka. Kipimo cha umbo la D kifanywe kila mara kabla ya klindamisini kutangazwa kuwa inafaa. Mikono ioshwe kati ya kitanda na kitanda, kwa sababu plasmidi hupata nafasi ya kusambaa pale bakteria anayeibeba anapohamishwa kutoka kwa mtoto mmoja hadi kwa mwingine.

Jambo hilo la mwisho waliliweza hata wauguzi wa Lubaga na Mengo wa zaidi ya karne moja iliyopita, ambao hawakuwa na kingine. Waliowarithi wana dawa, wana maabara na wana ramani ya herufi za ribosomu. Kinachohitajika ni majibu ya maabara kumfikia daktari mapema, dawa ikiwa bado ina kazi ya kufanya.